Sakiti Isiyoandikwa: Tochi za Kujitengenezea na Udhibiti wa Mkondo wa LED katika Ukanda wa Pamba, Mwandoya, Wilaya ya Meatu

1.0 Utangulizi

Mwandoya ni kata ya Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu, iliyo kwenye barabara itokayo Bariadi kupitia Kisesa kuelekea Mwanhuzi. Hadi mwaka 2012, mkoa huo ulipoundwa, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Wakazi wake, ambao wengi ni Wasukuma, hulima pamba, mtama na mahindi, na hufuga ng'ombe. Katika maandishi ya historia ya uchumi, ukanda huu hutajwa kwa sababu ya pamba: kuanzishwa kwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976, kurejeshwa kwake katika miaka ya 1980, kisha kulegezwa kwa biashara ya zao hilo mwaka 1994. Hayo yote ni mambo ya mchana. Yule aliyeamka usiku kumtazama ng'ombe anayezaa, mkunga wa jadi aliyeitwa saa nane za usiku, na mwanafunzi aliyesomea kwenye moshi wa koroboi hawakuacha hati yoyote katika majalada ya chama cha msingi.

Makala haya yanachunguza kifaa kimoja cha usiku huo, yaani tochi, na ndani ya tochi yanachunguza sehemu moja tu: sakiti inayodhibiti mkondo wa umeme unaopita kwenye diodi ya mwanga, maarufu kama LED. Hoja yake ni kwamba taa za mafuta zilipoanza kupisha taa za LED vijijini, tatizo la kiufundi ambalo viwanda vya nje viliacha bila kulitatua, yaani udhibiti wa mkondo, lilihamishiwa kwa mtumiaji na kwa fundi redio. Kazi iliyofanywa na fundi huyo kulitatua ilikuwa kazi ya usanifu, ingawa katika takwimu na ripoti imehesabiwa kama ukarabati, au haikuhesabiwa kabisa.

Msimamo huu una watangulizi. David Edgerton, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu teknolojia na historia ya dunia, alisisitiza kwamba historia ya teknolojia haina budi kufuata vitu vinavyotumika na kutengenezwa upya, badala ya kufuata uvumbuzi pekee. Kwa upande wa Tanzania, Joshua Grace (2021) ameonesha jinsi mafundi magari walivyokuwa wajenzi wa maarifa ya ufundi na si wapokeaji tu. Gari, hata hivyo, ni kitu kikubwa. Huonekana barabarani na huandikiwa leseni. Tochi hufichwa chini ya mto. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tochi yenyewe inasomwa kama waraka. Idadi ya betri, thamani ya kikinza, na mahali ambapo kikinza kilipaswa kuwepo lakini hakipo, ni taarifa zinazoweza kufasiriwa kama zinavyofasiriwa barua za afisa wa wilaya.

2.0 Tochi kabla ya diodi

Tochi ya zamani ya betri mbili kubwa ilikuwa na balbu ya waya mwembamba ambayo kwenye shingo yake iliandikwa volti 2.5 na ampea 0.3. Balbu hiyo haikuhitaji sakiti ya kuiendesha, na sababu ni ya kifizikia. Waya wa balbu unapopata joto ukinzani wake hupanda. Mkondo ukitaka kuzidi, waya wenyewe huuzuia kwa kiasi fulani. Kwa maneno mengine, balbu ya zamani ilijidhibiti. Fundi aliyeshughulika nayo alihitaji kujua mambo matatu tu: swichi, kutu kwenye sahani ya shaba, na balbu iliyokatika.

Uhaba ulikuwa kwenye betri. Tangu miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa na kiwanda jijini Dar es Salaam kilichotengeneza betri kavu na redio, na jina la National likawa la kawaida madukani. Kampeni za elimu kwa njia ya redio, hasa Mtu ni Afya ya mwaka 1973, zilitegemea betri hizohizo. Miaka ya mwanzo ya 1980 bidhaa za viwandani ziliadimika nchini kote, hadi serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kipindi hichohicho ndicho kilichoshuhudia kuzuka kwa sungusungu katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, kutokana na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Mlinzi wa mifugo bila mwanga hutegemea masikio na mbwa.

Uhaba huo ulizaa maarifa. Kuanika betri juani ni desturi inayojulikana karibu kila kijiji cha Afrika Mashariki, na mara nyingi imechekwa kama imani tu. Si imani. Joto hupunguza ukinzani wa ndani wa betri ya zinki na kaboni, na mapumziko huruhusu kemikali zilizorundikana karibu na kijiti cha kaboni kusambaa. Betri hupata nguvu ya muda mfupi. Desturi nyingine ilikuwa kuunga betri zilizochoka nje ya redio, mojamoja kwa mfuatano, zikiwa zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, ili kufidia volti zilizopungua. Aliyefanya hivyo alikuwa tayari ana dhana mbili ambazo zingehitajika baadaye: kwamba betri iliyochoka si tupu, na kwamba volti hujumlishwa kwa mfuatano.

3.0 Diodi isiyo na mlinzi

LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulichelewa kwa miongo mitatu kwa sababu rangi ya buluu ilishindikana kupatikana kwa nguvu ya kutosha. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alitangaza diodi ya buluu yenye mwanga mkali, na miaka michache baadaye diodi hiyo ilipakwa unga wa fosfori ya manjano ikatoa mwanga mweupe. Nakamura, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kufikia wakati huo tochi za LED zilikuwa tayari kwenye kila gulio la Kanda ya Ziwa, na simu ndogo yenye tochi, aina iliyoenea baada ya Nokia 1100 ya mwaka 2003, ilikuwa imepewa na Watanzania jina la kitochi. Jina hilo ni ushahidi wa kihistoria: miongoni mwa kazi zote za simu, ni mwanga wake uliobeba jina.

Diodi nyeupe hutofautiana na balbu ya zamani katika jambo la msingi. Chini ya takribani volti 2.7 haitoi mwanga wa maana. Kwenye volti 3.2 hivi diodi ya kawaida ya milimita 5 hupitisha miliampea 20, ambacho ndicho kiwango chake; ikiongezwa sehemu chache tu za kumi za volti, mkondo huongezeka maradufu. Aidha, inapopata joto volti inayohitaji hushuka, na hivyo mkondo huzidi kupanda. Haina breki ya ndani. Ndiyo maana huhitaji kitu cha nje cha kuidhibiti, na kitu hicho ndicho kinachoitwa hapa sakiti ya kuendesha.

Tochi nyingi za bei nafuu zilizoingia sokoni hazikuwa nacho. Mfano unaofahamika sana ni tochi ya diodi 9 na betri 3 ndogo: diodi zote zimeungwa sambamba, moja kwa moja kwenye volti 4.5, bila kikinza hata kimoja. Swali la kihistoria ni kwa nini haikuungua siku ya kwanza. Jibu ni kwamba mtengenezaji alitegemea ukinzani wa ndani wa betri hafifu za zinki na kaboni. Udhaifu wa betri ulifanywa kuwa sehemu ya sakiti, bila mnunuzi kuambiwa. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha busara ya kawaida: aliyejinyima akanunua betri bora zaidi ndiye aliyeua tochi yake haraka. Diodi nazo hazifanani kabisa. Kati ya 9 zilizoungwa sambamba, ile inayohitaji volti ndogo kuliko wenzake hubeba mzigo wao, huungua, kisha mzigo huhamia kwa inayofuata.

Utafiti wa Jennifer Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills katika miji mitatu ya Kenya, uliotolewa mwaka 2010, uliwahoji watumiaji na wauzaji wa tochi hizo na kukuta kwamba wengi wa watumiaji walikuwa wamepata hitilafu ndani ya miezi michache. Malalamiko ya aina hiyo mara nyingi hufupishwa kwa maneno "vitu feki". Maneno hayo yanaeleza hasira ya mnunuzi, lakini yanaficha kosa mahususi: kukosekana kwa kikinza, kifaa ambacho ni miongoni mwa sehemu rahisi kuliko zote katika elektroniki.

4.0 Meza ya fundi

Meza ya fundi redio wa kijijini huwa na jiko la mkaa au moto wa kupashia chuma cha kulehemu, waya wa risasi, kipimaumeme kama kipo, na kopo la vipuri vilivyonyofolewa kwenye redio mbovu, chaja na balbu za kubana matumizi. Kopo hilo ndilo duka lake na ndilo huamua anachoweza kusanifu. Diodi zenyewe hupatikana kwenye tochi zilizokufa au kwenye viberiti vya gesi vyenye taa.

Usanifu wa kwanza ni wa kikinza. Betri 3 za volti 1.5 hutoa 4.5, diodi hutaka 3.2, zinazobaki ni volti 1.3. Kwa mkondo wa miliampea 20, kanuni ya Ohm inadai ukinzani wa omu 65, na kikinza cha kawaida kilicho karibu ni cha omu 68. Fundi asiyefanya hesabu hii kwa kalamu huifanya kwa macho: hujaribu kikinza kimoja baada ya kingine, hugusa diodi kwa kidole, na huacha pale inapowaka vizuri bila kuchemka. Tofauti ya njia hizo mbili haibadilishi jibu. Gharama ya suluhisho hili ni kwamba betri zikishuka hadi volti 1.2 kila moja, mkondo hubaki chini ya nusu, na zikifika volti 1 mwanga ni wa kutambua njia tu. Kwa taa ya kulindia nyumba usiku kucha, kufifia huko si kasoro. Kwa mtu anayetafuta nyoka chini ya kitanda, ni kasoro kubwa.

Usanifu wa pili hutumia transista mbili ili mkondo usibadilike betri inapochoka. Transista ya kwanza hupitisha mkondo wa diodi. Ya pili huchungulia volti kwenye kikinza kidogo, na zinapofika takribani 0.6 huibana ya kwanza. Kikinza cha omu 33 huweka mkondo karibu na miliampea 18. Mwanga huwa uleule kwa saa nyingi. Lakini sakiti hii hujitwalia volti zake 0.6 na zaidi, hivyo katika tochi ya betri 3 huanza kushindwa volti zikiwa bado 3.9, pale ambapo kikinza kitupu kingeendelea kufifia taratibu. Hapa inaonekana waziwazi kwamba fundi anachagua kati ya mema mawili: mwanga thabiti au mwanga mrefu. Uchaguzi wa namna hiyo, unaofanywa kwa kumzingatia mtumiaji anayejulikana kwa jina, ndiyo maana ya usanifu.

Usanifu wa tatu ulibadilishwa na simu. Betri ya simu ndogo ya aina ya BL-5C ni ya lithiamu na ina volti 3.7, zinazotembea kati ya 4.2 ikijaa na karibu 3 ikiisha. Diodi moja ya volti 3.2 hukaa ndani ya masafa hayo kana kwamba viliumbwa pamoja. Ikiwa ufanisi wa sakiti ya kubana tu ni asilimia 71 kwa betri 3 kavu mpya, kwa betri ya simu hufikia asilimia 86. Ndiyo sababu tochi nyingi za kujitengenezea, zilizofungwa ndani ya kipande cha bomba la plastiki au ganda la tochi iliyokufa, zina betri ya simu. Swali la kuchaji lilitatuliwa bila sakiti: betri hutolewa, hubanwa kwenye chaja ya kobe katika kibanda cha kuchajia simu, kisha hurudishwa. Aliyetaka kuirahisisha zaidi kwa kuiweka betri ya lithiamu ndani ya tochi ya kuchaji ya kiwandani aliingia hatarini. Tochi hizo zina betri ya asidi ya volti 4, na nyingi huchajiwa kupitia kapasita iliyoungwa moja kwa moja na umeme wa gridi, bila transfoma. Hazipimi betri imejaa lini, na waya wake wa ndani, plagi ikiwa ukutani, unaweza kuua. Katika suala hili fundi mwangalifu aliyekata waya za chaja kabla ya kubadilisha betri alifanya uamuzi wa usalama ambao kiwanda hakikuufanya.

Wa nne ndio wenye mvuto mkubwa zaidi kwa mwanahistoria, kwa kuwa unakutana na mkondo mwingine wa maarifa ulioandikwa. Mwezi Novemba 1999 jarida la Uingereza la Everyday Practical Electronics lilichapisha sakiti ya msomaji wake Z. Kaparnik iliyowasha LED kwa betri moja tu ya volti 1.5, kwa kutumia transista moja, kikinza kimoja na koili mbili zilizosukwa kwenye pete ndogo ya feraiti. Baadaye ilipewa jina la Joule Thief, mwizi wa jouli, kwa sababu hunyonya nishati kutoka kwenye betri ambayo vifaa vingine vimeikataa. Transista huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Kila inapozima, koili hutupa volti za juu zinazoitosha diodi. Sehemu zake zote zimo ndani ya kopo la fundi: pete ya feraiti hutoka kwenye bodi ya balbu ya kubana matumizi, transista hutoka kwenye redio. Dhana yake, kwamba betri iliyokufa bado ina kitu, ni ileile ya aliyeanika betri juani miaka ya 1980.

5.0 Nani alihesabiwa

Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na shirika lake la IFC, ulioanza mwaka 2007, ulijenga mfumo wa kupima ubora wa taa za sola na za LED, na katika hilo ulitoa mchango wa kweli: uliipa soko lugha ya kutofautisha taa yenye udhibiti wa mkondo na isiyo nayo. Hata hivyo, kipimo chake kilikuwa ni bidhaa ya kiwandani yenye chapa. Tochi iliyotengenezwa mezani haikuwa na mahali pa kupimiwa.

Wakati huohuo msukumo mkubwa ulitoka pengine. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Lengo lilikuwa vituo vya mafuta na malori. Mzigo uliifikia koroboi. Mwaka 2016 utafiti wa upatikanaji wa nishati ulionesha kwamba takribani asilimia 17 tu ya kaya za vijijini Tanzania Bara zilikuwa na umeme. Kati ya mafuta yaliyopanda bei na nguzo ambazo hazijafika, tochi ilikuwa njia iliyo wazi. Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert, katika makala yao ya mwaka 2017, walionesha kwamba kaya nyingi za vijijini Afrika zilihama kutoka mafuta ya taa kwenda LED za betri kavu bila msaada wa serikali wala wafadhili, na miongoni mwa taa hizo walizitaja zilizotengenezwa kwa mkono. Huo ni miongoni mwa ushuhuda adimu wa kitaaluma kwamba taa hizo zipo. Lakini hata humo zinahesabiwa kama taa. Sakiti yake haichorwi.

Sababu mojawapo ya ukimya huu ni lugha. Mtoto wa Mwandoya husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha fizikia hugeuka Kiingereza sekondari, mahali ambapo mafundi wengi hawakufika. Istilahi zipo: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Maneno kama ukinzani na mkondo yanatosha kabisa kueleza kila kilichoelezwa katika sehemu ya nne. Fundi husema rezista, husema "moto mkubwa" akimaanisha volti nyingi, na husema betri "imelala" akimaanisha volti zimeshuka lakini haijaisha. Msemo huo wa mwisho ni sahihi kuliko neno "imekufa" linalotumiwa na wengine wote, na haumo katika kamusi yoyote ya fizikia.

6.0 Ushahidi uliobaki jalalani

Ushahidi wa kupima hoja hii upo na unaweza kukusanywa, ingawa haumo katika nyaraka. Betri kavu zilizotumika hutupwa chooni, jalalani au pembeni mwa shamba, na makala ya Bensch na wenzake ilionya kuhusu taka hizo. Betri iliyoendesha tochi isiyo na sakiti hutupwa ikiwa bado na karibu volti 1 au zaidi. Iliyopitia mwizi wa jouli hutupwa ikikaribia 0.6. Kwa kuwa ganda la zinki ndilo linaloliwa umeme unapotolewa, ya pili huwa imeliwa zaidi, imetoboka, na mara nyingi imevuja. Zikiokotwa kwenye jalala moja la mwaka mmoja zikapimwa kwa kipimavolti na kukatwa, zinaweza kuonesha ni kaya ngapi zilikuwa na sakiti na ni ngapi hazikuwa nayo, kabla kutu haijalimaliza ganda lenyewe.